Binti Aliyenyamaza Mbele ya Padre

Kila asubuhi, kwenye baraza la duka la Safina, kabla hajagusa kitambaa cha mtu, Vitalia aliipa cherehani yake haki yake: tone la mafuta hapa, tone pale, futa vumbi, tunga uzi, kisha mshono wa majaribio kwenye kipande cha kaki. Sindano ikipita bila kukwama, siku yake imeanza. Jumamosi ile ya Kwaresima sindano ilikuwa katikati ya kipande hicho pale shangazi yake, Ida, alipotokea kwenye kona ya duka mbio mbio, kanga mkononi badala ya kiunoni, na ndoo ya kupigia deki bado ameing'ang'ania.

"Vitalia! Umefanya nini wewe?"

Mguu ukaganda juu ya pedali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba ya nini! Nakuuliza, juzi ulimfanyia nini Padre?"

"Sijafanya kitu."

"Hujafanya kitu!" Ida akaitua ndoo barazani kwa kishindo. "Natoka kusafisha ofisi yake. Karatasi ya matangazo ya kesho iko mezani. Egidi na Vitalia wamekatwa! Mstari mwekundu, mwanangu, mwekundu kama wa mwalimu wa hesabu. Na pembeni kaandika kwa mkono wake: binti hana hiari."

Ndani ya duka, Safina aliyekuwa anapima sukari aliacha upawa ndani ya gunia.

"Hana nini?"

"Hiari!"

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuolewa, Safina! Ya kuolewa!"

Vitalia akaliangalia kabati la duka. Majina yake na ya mchumba wake Egidi yalikuwa yameshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Kesho ilikuwa ya tatu na ya mwisho, na Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ilikuwa harusi. Gauni lake mwenyewe lilikuwa limekunjwa ndani ya kabati la duka, limebaki kutiwa vifungo tu.

"Shangazi, mimi niliulizwa vizuri tu," alisema kwa ile sauti yake ndogo ambayo wateja walizoea kuinama ili waisikie. "Padre akaniambia nenda kwa amani."

"Hebu tueleze ulivyoulizwa."

Akaeleza, macho kwenye cherehani. Kabla ya ndoa kila mchumba huhojiwa peke yake, mlango umefungwa. Egidi alikuwa ameshamaliza zamu yake. Alizungumza nusu saa nzima mpaka Padre akamwomba apumzike. Alhamisi ikawa zamu ya Vitalia. Padre Stephano, kijana mpole aliyehamia Matiri miezi mitatu tu iliyopita, alifungua fomu akamuuliza: "Vitalia, unaolewa na Egidi kwa hiari yako mwenyewe?"

"Ukajibu nini?"

"Nikaangalia chini."

"Vizuri," alisema Ida. "Halafu?"

"Akauliza tena. Nikaangalia chini zaidi."

"Vizuri kabisa. Halafu?"

"Akauliza mara ya tatu. Nikaona furaha imenipanda mpaka hapa," akagusa koo, "nikajifunika kanga usoni, machozi yakanitoka. Ndipo akaweka kalamu chini akasema, nenda kwa amani binti, usiogope, hakuna atakayekulazimisha."

Ida akafunga macho. "Na wewe ukadhani umefaulu."

"Nilidhani nimefaulu sana."

Safina alicheka mpaka akaishika mizani isianguke. Yeye na mumewe walitoka Kilwa na kufungua duka pale Matiri wakati kila mtu aliporuhusiwa kuuza atakacho, na hakuna shughuli ya Wamatengo, wenyeji wa pale, iliyompita.

"Mwenzangu, ungekuwa upande wetu ungekuwa mke wa mtu na pilau tumeshalisahau! Kwetu sisi, mwari akiulizwa akanyamaza, keshakubali huyo. Shekhe anafunga ndoa, biashara imekwisha."

"Na kwetu ndivyo hivyo hivyo!" Ida alifoka. "Binti aliyelelewa anaangalia chini. Asiyetaka ndiye anayepiga kelele na kukimbilia kwa bibi yake. Lakini huyu Padre katoka Shinyanga. Nasikia huko wasichana wanajibu."

Hapa Matiri msichana mmoja tu ndiye aliyewahi kujibu upesi, Jacqueline wa bondeni. Alisema "Ndiyo, Padre!" kabla swali halijaisha, na waliokuwa nje ya mlango wakasikia. Sasa ana watoto wanne na bado watu wanamwita Ndiyo-Padre. Vitalia alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule. Alicheka pamoja na wenzake, kisha akaweka nadhiri kimya kimya kwamba yeye hatachekwa hivyo.

"Safina, toa simu," Ida aliamuru. "Mwandikie Egidi kabla hajasikia sokoni. Lakini fupi, nina hela ya ujumbe mmoja."

Safina akaandika, akisoma kila neno kwa sauti: *Ndoa imesimamishwa. Binti hakutamka kukubali. Shangazi Ida.*

"Shangazi, hivyo itamuumiza!" alisema Vitalia. Kidole cha Safina kilikuwa kimeshabonyeza.

*

Egidi alikuwa Mnyasa wa Kihagara, muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kila wiki mbili alipanda kutoka ziwani na magunia ya usipa mkavu, akauza Mbinga mjini, kisha akasogea mpaka Matiri kununua mahindi. Alikuwa na sauti ya watu wa ziwani, sauti iliyozoea kuvuka maji. Mwaka uliopita alimletea Vitalia shati lililochanika kwapani. Wiki mbili baadaye akaleta shati lile lile, limechanika kwapa lile lile. Mara ya nne Vitalia aliugeuza mpasuko akaona umekatwa kwa wembe.

"Hili limechanikaje?" alimuuliza.

"Linakupenda," alijibu Egidi, na foleni nzima ya duka ikasikia.

Vitalia alishona kwapa lile kwa mishono miwili miwili ili lisichanike tena, kisha, kwa kuogopa hatarudi tena, akafumua mmoja. Huo ndio ulikuwa mpaka wa maneno yake ya mapenzi. Mengine yote aliyasema Egidi kwa niaba ya wawili, na kila alipouliza "Au siyo?" Vitalia alitabasamu chini. Kwa mwaka mzima ilitosha.

*

Mchana ule ule baba yake, Mzee Tarsisi, alivaa koti lake la Jumapili, akamchukua Vitalia na Ida, wakaenda parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibuni mketi."

"Sikai, Padre. Nimesikia mimi namlazimisha binti yangu."

"Sijasema hivyo, mzee wangu. Nimesema yeye sijamsikia."

"Basi nisikie mimi. Mimi ndiye niliyemzaa. Amekubali."

"Hilo ndilo linalonitia hofu."

"Amekubali, nakwambia! Atake asitake, amekubali!"

Ida alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mzee Tarsisi mwenyewe aliyasikia maneno yake yakizunguka chumbani, akaketi.

"Sikumaanisha hivyo," alisema.

"Najua, mzee." Padre Stephano hakucheka, ingawa shavu moja lilimtetemeka. "Lakini nisikilize na mimi. Jumanne ni sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Mungu angeweza kumwamuru yule binti. Nani angemzuia? Lakini alimtuma malaika, malaika akasema yake, kisha akanyamaza akangoja. Mbingu yote ilimngoja msichana mmoja wa kijijini afungue mdomo. Sasa mimi Stephano ni nani nisingoje?"

"Naye alijibu?"

"Alijibu."

"Kwa sauti?"

"Luka kayaandika maneno yake, mzee. Hakuandika kwamba aliangalia chini."

Mzee Tarsisi akakuna kidevu. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Padre, mwanamume na mwanamke si kitu kimoja. Mwanamume husema, mwanamke hutenda. Ndivyo tulivyoumbwa."

"Tumeumbwa tofauti, sikatai. Mama yangu alijua nina homa kabla mimi mwenyewe sijajua, na baba alijua baada ya wiki, alipoona sijala. Lakini heshima ni moja, na hiari ni moja. Sijasoma popote kwamba kuna hiari ya kiume ya kusemwa na hiari ya kike ya kukisiwa." Akageuka. "Vitalia, binti, sema lolote. Hata kama ni hapana, hakuna atakayekugusa."

Vitalia akafungua mdomo. Baba yake alikuwa anamwangalia. Shangazi alikuwa anamwangalia na midomo yake ilikuwa inatamka neno bila sauti, kama mwalimu anayemnong'oneza mwanafunzi jibu.

"Mzee, na wewe mama, naomba mtupishe kidogo."

"Nitoke niende wapi, na jambo ni la kwangu?"

Mzee alitoka, Ida nyuma yake. Lakini kivuli cha koti lake kilibaki dirishani, na ncha ya kanga ya Ida ilionekana chini ya mlango. Neno likapanda mpaka kwenye ulimi wa Vitalia, likaona kivuli, likarudi tumboni. Akaangalia chini.

Padre akapumua. "Sina haraka. Jumanne nitakuja kwenye kazi yenu ya shamba kama baba yako alivyonialika. Neno likiwa tayari, utanikuta. Likiwa halipo, sitaweza kusoma tangazo la tatu, na nitamwambia Egidi asiendelee kungoja."

*

Simu ya Safina ilikamata mtandao sehemu moja tu ya duka, juu ya gunia la sukari. Mwenye kuongea alilazimika kuinama pale mbele ya wateja wote. Saa kumi jioni ile simu ikalia.

"Ni bwana harusi!" Safina alitangaza. "Vitalia, njoo! Mwendo!"

Vitalia akainama. Nyuma yake kulikuwa na watu saba, na wote waliacha kununua.

"Haloo! Vitalia? Mimi Egidi, niko Mbinga sokoni. Nimepata ujumbe. Ni kweli?"

"Salama tu."

"Sijakusalimia bado. Nauliza, ni kweli hukukubali?"

Vitalia akatupa jicho nyuma. Mama mmoja alikuwa amesogeza kitambaa cha kichwa ili sikio libaki wazi.

"Huku mvua imenyesha," alisema.

"Vitalia!" Sauti ya Egidi ilijaa duka zima, hata kama simu isingekuwepo ingefika. "Niambie ndiyo au hapana. Kwetu mtu akiitwa kutoka mtumbwini na asiitike, tunajua amezama. Nimekuita. Itika."

Vitalia alivuta pumzi. Neno lilikuwa pale, zima, silabi zake zote.

"Mwambie ndiyo tuondoke," alisema mama mwenye kitambaa, "mimi nataka sabuni."

Duka likalipuka kwa kicheko, na neno likatoweka. Upande wa pili Egidi alisikia kicheko tu. Kisha simu ikakatika, salio limekwisha.

Safina aliwafukuza wateja, hata wa sabuni. "Mwandikie basi, mdogo wangu. Kuandika hakuna aibu. Hii hapa, nakulipia mimi."

Vitalia aliandika: *Ndiyo. Nimekubali.*

Jibu lilirudi upesi. Safina alisoma, akashika mdomo.

*Safina, nakujua. Asante kwa huruma. Mimi nataka sauti yake.*

"Mwone huyu! Safari hii siyo mimi!" Safina alilalamika. "Mwaka mzima nimekujibia ujumbe wako, leo umeandika mwenyewe, kakataa!"

Ujumbe wa pili ulifika kabla hawajajua la kufanya. *Mwambie Vitalia sitamchukua mwanamke kwa nguvu za baba yake. Jumanne nitakuja kulima kama nilivyomwahidi mzee. Ahadi ya jembe ni ahadi. Nikimaliza nitarudi Kihagara. Namtakia heri. Egidi.*

Vitalia alirudi kwenye cherehani. Akashona sare ya shule, mfuko wa kushoto akaupachika mgongoni bila kuona.

*

Jumanne, baada ya misa ya asubuhi, mlima wa Mzee Tarsisi ulijaa watu. Ilikuwa siku ya ngoro. Wamatengo hulima milima iliyosimama wima kama ukuta, na udongo hauteremki, kwa sababu ya ngoro, mashimo yao yaliyopangana mlima mzima kama sega la nyuki. Majirani walikuja na majembe na miundu, mama yake Vitalia, Mama Otilia, akapika ugali wa watu arobaini, na Padre Stephano akapanda mlima akihema, kanzu ameikunja mpaka magotini.

Egidi alifika na gunia dogo la usipa begani. Alimwamkia kila mzee mmoja mmoja. Kwa Vitalia alisema "Habari za hapa" akiangalia mti. Kisha, kwa hasira ya mtu anayetaka kazi iishe, alinyakua jembe, akaingia kwenye mstari na kuanza kuchimba.

Mlima mzima ukacheka.

"Mkwe! Mkwe, toka!" Mama Otilia alimkimbilia. "Hapo umesimama na wanawake!"

Egidi akatazama kushoto, kanga, kulia, kanga. "Kwani kulima si kulima?"

"Ziwani labda!" alijibu Mzee Tarsisi kwa raha, tangu Jumamosi alikuwa hajapata raha. "Hapa mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza zikatane, mistari hivi na mistari hivi, kama dirisha la nondo. Mwanamke anakuja nyuma yake, anachimba katikati ya dirisha, udongo anaufunika juu ya nyasi. Linabaki shimo. Mvua ikija inatulia humo."

"Na mwanamume akichimba?"

"Achimbe. Ila nyasi atalaza nani?"

"Na mwanamke akilaza nyasi?" aliuliza Padre, ambaye alikuwa ameomba mundu naye na kufyeka ncha ya kiatu chake.

"Nililaza misimu miwili huyu mzee alipoumwa mgongo," alisema Mama Otilia. "Shamba halikuteremka, Padre. Ila mistari ilipopinda sikuwa na mtu wa kumsema. Nilimkosa sana." Wanawake wakacheka, na Mzee Tarsisi akajifanya anakagua mundu. "Nyasi bila udongo zinapeperuka. Udongo bila nyasi unakwenda na mvua. Ndivyo tulivyo na huyu, miaka thelathini na mitatu."

Egidi akapewa mundu. Alifyeka, akalaza, mistari yake ikaenda upande kama mlevi anayetafuta mlango. Hakujitetea, hakutania. Mtu aliyekuwa akisema kwa niaba ya wawili, leo alikuwa kimya kwa niaba ya wawili, na ukimya ule ulimchoma Vitalia kuliko jua.

Wanawake walifuata nyuma, kila mmoja nyuma ya mumewe. Wasioolewa walifuata nyuma ya baba na kaka zao. Vitalia alifunika nyasi za baba yake. Kufika saa sita mlima ulikuwa umejaa mashimo meusi, mazuri, isipokuwa upande wa Egidi. Madirisha yake yaliyopinda yalikuwa yamelala wazi, yanakauka. Hakuna mwanamke aliyeyagusa. Ya nani wayaguse?

Vitalia aliyatazama mara moja, mara mbili. Kisha akatoka kwenye mstari wa baba yake. Akavuka shamba kichwa kimeinama, watu wote wakimwona, akafika kwenye dirisha la kwanza la Egidi, akainua jembe, akachimba, akafunika.

Wimbo wa kazi ukakatika. Kisha Ida akapiga kigelegele, na mlima wote ukaitikia.

Kwa watu wa Matiri hapakubaki neno la kuongeza. Mwanamke hafuniki nyasi za mwanamume asiye wake. Mama Otilia alifuta macho kwa kanga. Mzee Tarsisi alimgeukia Padre, kifua mbele.

"Umeona? Amejibu!"

"Nimeona," alisema Padre Stephano. "Tungoje tuone kama mwenyewe ameelewa."

Egidi aligeuka kwa sababu ya makelele. Akamwona Vitalia na jembe. Uso wake ukalegea kwa huruma.

"Asante sana," alimwambia taratibu, "lakini usijichoshe. Nitamalizia mwenyewe."

"Aaaah!" mlima mzima uliguna.

"Huyu naye!" Ida alishika kichwa.

"Nimekosea nini tena?" Egidi aliuliza. Hakuna aliyemweleza. Mambo kama hayo hayaelezwi.

Alimaliza mstari wake wa mwisho, akafuta mundu kwa majani, akamkabidhi Mzee Tarsisi kwa mikono miwili.

"Baba, nimetimiza. Naomba ruhusa niwahi gari la Mbinga. Mbuzi wa mahari na vile vingine msivirudishe. Nilivileta kwa moyo."

"Kula kwanza, mwanangu."

"Sitaweza kumeza."

Akageuka, akaanza kuteremka. Mzee Tarsisi akafungua mdomo kumwita, mkewe akamshika mkono.

"Mwache," Mama Otilia alisema chini chini. "Siyo sauti yako anayoingoja."

Vitalia alisimama na jembe mkononi, udongo mpaka kwenye viwiko. Aliona ule mgongo ukiteremka mlimani, unakuwa mdogo. Alikuwa amemjibu. Mara ngapi alikuwa amemjibu! Kwa uzi, kwa machozi, kwa tabasamu, sasa kwa jembe. Alimpa jibu kwa lugha ya mlimani, naye mtu wa ziwani hakufundishwa lugha hiyo. Ni kama kumpa mtu zawadi kwenye sanduku halafu ukabaki na ufunguo. Baba alikuwa ameshasema kwa ajili yake. Shangazi amesema, Safina ameandika, mlima umepiga vigelegele. Vitu vyote vingine watu wangeweza kumpa Egidi. Kimoja tu hawakuwa nacho.

Watu arobaini walikuwa wanamtazama. Akawatazama na yeye. Kwa mara ya kwanza aliona nyuso zao vizuri, kwa kuwa siku zote alikuwa anaangalia chini, na ajabu ni kwamba hapakuwa na hata uso mmoja uliokuwa unamcheka. Jacqueline wa bondeni, mtoto mgongoni, alikuwa anampungia jembe kama mtu anayemhimiza mkimbiaji.

Akatupa jembe. Akakimbia mpaka ukingo wa shamba, mahali mlima unapokatika.

"Egidi!"

Ilitoka nyembamba. Upepo ukaichukua.

"Egidiii!"

Kule chini ule mgongo ukasimama. Akageuka, akaweka mikono kinywani kama mtu aliye mtumbwini.

"Nakusikia!"

"Usiende!"

"Sijaenda! Nimesimama!"

Nyuma ya Vitalia Padre Stephano alikuwa amepiga hatua tatu kusogea, kisha akajizuia, akavua kofia.

"Unasemaje?" Egidi alipaza sauti, na safari hii sauti yake kubwa ilipasuka katikati. "Vitalia, unasemaje?"

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafurahi!" alipiga kelele Vitalia, machozi yakimtiririka wala hakuyafunika. "Nilidhani furaha inaonekana!"

"Sijasikia vizuri!"

"Kasikia huyo," alinong'ona Ida. "Mnyasa yule, kasikia kila kitu."

Egidi alikuwa ameshaanza kupanda, anakimbia, anateleza, anashika majani, mdomo umemfika masikioni. Vitalia akavuta pumzi yote iliyokuwepo Matiri, na akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo:

"Nimesema ndiyo! Nakupenda, Egidi, nakutaka wewe, na ninaolewa kwa hiari yangu mwenyewe!"